Tarakimu Iliyofutika: Kisa cha Klabu Iliyogombania Umri Wake

Bikoni, alama ya mpaka ya wapima ardhi, ilichimbiwa hatua nne ndani ya boksi la penalti, goli la upande wa mashariki, Jumanne moja ambayo haikuwa na mazoezi. Vijana walipofika Jumatano jioni waliikuta imechomoza kiasi cha kidole kimoja juu ya ardhi: zege jipya na pini ya chuma katikati. Kipa akavua kandambili zake akaifunika, mtu asije akajikwaa, mazoezi yakaendelea. Usiku ule wakakubaliana klabu iandike barua ya pingamizi. Walipokaa kuiandika ndipo ilipobainika kwamba klabu haijui yenyewe ni nani.

Mji wenyewe sitautaja. Ni mji mdogo wa mkoa wa Lindi, upande wa bara, kwenye njia ya reli ya zamani iliyokuwa ikitoka Mtwara kwenda Nachingwea. Una soko, msikiti wa Ijumaa, kanisa, ghala la ushirika, stendi ya Coaster na uwanja mmoja wa mpira. Klabu ni ya ridhaa tangu ilipozaliwa. Hakuna aliyewahi kulipwa mshahara, na hata nauli ya mechi za ugenini ni ya kuchangishana.

Barua ziliandikwa mbili. Ya kwanza ilitoka kwa wazee, imeandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa klabu. Ya pili ilitoka kwa vijana, imechapwa steshenari na kuambatanishwa nakala ya cheti cha usajili. Zote mbili zilisema "sisi ndio klabu". Kana kwamba hiyo haitoshi, wiki hiyo hiyo ligi ya wilaya ilikuwa inapokea majina, na yakaenda mafungu mawili ya fomu, picha za pasipoti zimebandikwa vizuri kabisa, kwa jina moja la timu. Yakarudishwa yote: nendeni mkamalizane kwanza.

Hapo ndipo mjomba wangu, ambaye ni mmoja wa wazee hao, aliponipigia simu Lindi mjini. "Mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "wewe una kompyuta. Njoo utuandikie historia, hawa watoto wajue walikotoka." Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ikachukua msimu mzima wa mabibo.

Nusu mbili

Ukiwasikiliza wote kwa utulivu, unagundua kwamba kila upande ulikuwa na nusu ya kitu na unaidharau nusu ya mwenzake.

Vijana walikuwa na usajili. Klabu ya michezo nchini husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967, na bila usajili huo huna sauti mbele ya chama cha mpira cha ngazi yoyote. Walikuwa pia na wachezaji, jezi, mipira mitatu na kikundi cha WhatsApp. Hoja yao: klabu ya wazee ilikufa, sisi tumeanzisha nyingine tukaipa jina lile kwa heshima.

Wazee walikuwa na umri. Hoja yao: klabu haifi, hulala. Nanyi mmelala kwenye kitanda tulichokitandika sisi.

Sasa mtazame mpima ardhi aliyeichimbia bikoni. Yeye alikuta eneo wazi lisilo na hati. Klabu mpya ya juzi ikija kusema "huu ni uwanja wetu", itaulizwa tangu lini. Na wazee wakija kusema "tangu kabla hujazaliwa", wataulizwa ninyi ni chombo gani. Hati ya ardhi haiandikwi kwa jina la kumbukumbu. Inataka bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na bodi haisajiliwi bila katiba, mkutano wa wanachama na muhtasari uliosainiwa. Kwa hiyo vijana walihitaji umri wa wazee, na wazee walihitaji karatasi za vijana. Walichokuwa wanafanya ni kuthibitishiana kwamba hawahusiani.

Ugomvi wote huo ulikuwa umejikusanya kwenye kitu kidogo kuliko kiberiti.

Muhuri

Anautunza fundi cherehani, mzee wa miaka themanini na kitu, ndani ya droo ya Singer yake, umeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Ni muhuri wa mpira wenye mpini wa mti, mpini umekuwa mweusi kwa mikono. Aliniwekea karatasi, akautemea pumzi mara mbili kama mtu anayefuta miwani, akaugonga. Jina la klabu lilitokea zima. Picha ya mpira ilitokea nusu. S.L.P. ilitokea. Na chini kabisa, pale panapokaa mwaka wa kuanzishwa: moja, tisa, doa, nne.

Mpira wa muhuri ulishaliwa hapo. Inaweza kuwa 1954, inaweza kuwa 1964, inaweza kuwa 1974. Hakuna aliyejali mpaka siku ya bikoni. Baada ya bikoni kila mtu alikuwa na tarakimu yake. Mjomba wangu ni wa 1954. Fundi ni wa 1964, ila hasemi kwa sauti kwa sababu mjomba ni shemeji yake. Vijana waliipenda 1974, nadhani kwa kuwa ilikuwa changa kuliko zote.

Nikaanza na 1954. Hoja ya mjomba ni tamu: baba yake alikuwa akipanda treni na timu kwenda kucheza Mtwara. Treni ile ilikuwa mtoto wa mradi wa karanga, ule ambao Waingereza walimwaga fedha nyingi kuanzia 1947, wakauacha 1951 karanga zikiwa hazijaonekana. Reli ikabaki bila karanga. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikafunguliwa 1954, reli ikaunganishwa nayo, lakini mzigo haukuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Basi mtu aliyepanda treni kwenda kucheza mpira alicheza kabla ya hapo. Hilo sina shaka nalo.

Shaka yangu ni timu gani. Nilipomuuliza mjomba baba yake alikuwa akifanya kazi gani, alinijibu: fundi wa reli. Na wenzake kwenye timu? Reli. Na jezi? Za reli. Na reli ilipong'olewa wakaenda wapi? Kimya kidogo, kisha: "Wakatawanyika." Ile ilikuwa timu ya kazini. Iliondoka na kazi.

Halafu kuna magoli. Nguzo za magoli ya uwanja ule ni vipande vya reli, vimesimikwa na kuunganishwa juu kwa bomba. Ukipitisha kiganja unasikia umbo lake, tumbo jembamba na kichwa kinene. Hakuna mtu angevipata vipande vile treni ikiwa bado inapita juu yake. Na uwanja wenyewe, tambarare namna ile katika mji wenye miinuko, ndio ulikuwa uga wa kituo. Sehemu ya kupangia mabehewa imekuwa sehemu ya kupangia mabeki.

Kwa hiyo 1954 nikaiweka pembeni, kwa masikitiko, maana ingetusaidia kwa mpima.

Iliyofuata ni 1974. Huyu shahidi wake alikuwa ni muhuri wenyewe: umeandikwa "S.L.P.", si kwa Kiingereza, na Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967. Vijana wakaruka: unaona, ni baada ya 1967, kwa hiyo 1974! Lakini muhuri unasema umri wake wenyewe tu, siku uliyochongwa. Klabu inaweza kuzaliwa mwaka huu ikachonga muhuri miaka kumi baadaye, siku itakapopata fedha. Tena ndivyo inavyokuwa mara nyingi.

Kilichoiua 1974 ni daftari.

Daftari

Ni daftari la kaunta lenye jalada gumu, mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa cherehani, na lilikuwa chini ya droo ile ile ya muhuri. Fundi hakulitoa siku ya kwanza kwa sababu, alisema, hakuna aliyeliuliza. Ndani kuna ada za wanachama. Ukurasa wa kwanza umechanwa, na kama kulikuwa na mwaka, umekwenda nao. Ila ukurasa wa pili juu kuna anwani, kwa mwandiko wa shule ya misheni, ule unaolala kidogo kulia: jina la klabu, jina la mji, kisha "Mkoa wa Mtwara".

Mkoa wa Lindi ulimegwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Hakuna katibu mwenye mwandiko ule ambaye angekosea mkoa wake miaka mitatu baadaye. Daftari lilianza kabla ya 1971, na 1974 ikaanguka.

Nilijua pia nimeuliza wanaume watupu. Kamati ilinipa orodha ya watu wa kuhojiwa na haikuwa na mwanamke hata mmoja, kana kwamba jezi hujishona na chai ya wageni hujipika. Nikamfuata dada yake fundi, bibi mmoja anayeuza ufuta sokoni, aliyezishona jezi za kwanza pamoja na kaka yake. Kitambaa kilikuwa marekani, wakakichovya rangi ya bluu kwenye ndoo, na mechi ya kwanza ilipigwa mvua wachezaji wakatoka na vifua vya bluu. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Ilikuwa mwaka gani, bibi?"

"Mwaka sijui, mjukuu wangu. Najua nilikuwa na mtoto mgongoni. Nakanyaga cherehani, naye analia."

"Mtoto yupi?"

"Wa tatu. Yule aliyemaliza la saba mwaka wa vita ya Idd Amin."

Uganda ilivamia Kagera Oktoba 1978. Mtoto wa darasa la saba enzi zile alikuwa na miaka kumi na minne, pengine kumi na sita akichelewa kuanza. Aliyekuwa mgongoni basi alizaliwa kati ya 1962 na 1964, na mtoto hubebwa mgongoni mpaka miaka miwili. Haiwezi kuwa 1954, haiwezi kuwa 1974. Mwanamke anayeuza ufuta ametatua kwa dakika tano jambo ambalo kamati imelipigia kelele wiki sita, na jina lake halimo kwenye daftari, kwa sababu wanawake hawakutozwa ada.

Niliandika 1964 kwenye kompyuta. Nilidhani kazi imekwisha.

Pengo

Haikuwa imekwisha, kwa kuwa vijana walikubali mwaka na wakakataa undugu. Sawa, walisema, klabu ilizaliwa 1964. Lini ilikufa?

Swali zuri. Nikarudi kwenye daftari, safari hii sitafuti mwanzo, nasoma safu ya tarehe. Nililiona jambo ambalo mtu wa Kusini hapaswi kushangazwa nalo, nikashangaa hata hivyo. Oktoba, Novemba, Desemba zimejaa. Januari kidogo. Kuanzia Machi karatasi nyeupe. Kila mwaka. Nilimuuliza fundi mbona masika hakuna ada, akanitazama kama niliyekulia Ulaya. "Masika nani ana hela?" Klabu hii haina mwaka wa Januari hadi Desemba, wala msimu wa ligi. Ina msimu wa korosho. Korosho zikiuzwa klabu ipo, zikiisha klabu ni watu wanaokumbuka kwamba wana klabu.

Pengo lenyewe linaonekana kwa macho. Mistari inapungua, inapungua, majina thelathini yanakuwa kumi na moja, kumi na moja yanakuwa manne, kisha kurasa sita tupu. Linganisha na mikorosho. Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 msimu wa 1973/74. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa mbali na mashamba yao, mikorosho ikamezwa na vichaka, ukaja na ugonjwa wa ubwiri unga, na kufikia miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka mpaka chini ya tani 20,000. Kurasa tupu za klabu ya mpira ni kivuli cha hesabu hiyo. Hakuna mkutano ulioivunja klabu. Ilikosa Oktoba.

Halafu, ukurasa wa saba, mwandiko mwingine, wino wa bluu: majina yanarudi. Hiyo ni miaka ya salfa, baada ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, pale nje ya Mtwara mjini, kuonyesha kwamba vumbi la salfa linazuia ubwiri unga. Wakulima wakapuliza, mikorosho ikazaa, miaka ya 1990 ikashuhudia ada zikilipwa tena, tena na majina mapya ya watoto wa wale wa kwanza. Kuna hata matumizi upande wa kulia: mpira, dawa ya maumivu, nauli, na mstari mmoja unaosema "kamati ya ufundi" na kiasi cha fedha bila maelezo. Msomaji wa Kitanzania hahitaji kuelezwa hao ni mafundi wa nini. Nilimwuliza mjomba kama walishinda mechi ile. Akasema sare.

Daftari linakoma kabisa miaka ya mwanzo ya 2000. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, safari ya Dar es Salaam ikawa si ya kusubiri kivuko tena, na aliyekuwa katibu akaenda kutembeza mitumba Kariakoo. Aliliacha kwa fundi. Fundi hana mwandiko mzuri, akalifunga.

Simu

Vijana walizaliwa kwenye pengo la pili hilo. Kwao hadithi inaanza Ndanda, timu ya Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu, msimu wa 2014/15. Kundi la watu kumi na wawili lilikodi gari kwenda uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, kutazama, wakarudi usiku wakiwa hawana sauti, na njiani wakafungua kikundi cha kuchangia mpira mmoja. Ndanda ilishuka baada ya msimu wa 2019/20, lakini wakati huo huo Namungo ya Ruangwa, wilaya jirani, ilikuwa imepanda, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba, na 2020/21 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Usimwambie kijana wa pande hizi kwamba timu ya wilayani haifiki mbali.

Katibu wao, kijana mwenye bodaboda, alinikabidhi simu yake. Kila mchango umekuja kwa muamala na kila muamala una tarehe. Nikashusha kidole, nikashusha, nikamwita mjomba aje aangalie. Novemba. Desemba. Novemba. Desemba. Tangu stakabadhi ghalani ianze 2007 fedha za korosho hazitoki tena mkononi mwa mnunuzi bali huja baada ya mnada, na kangomba, ununuzi wa korosho kinyemela, ikabaki ya mafichoni, kwa hiyo mistari imesogea mbele wiki kadhaa ukilinganisha na ya wazee. Msimu wa 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe na malipo ya wengi yakachelewa, simu iko kimya mpaka katikati ya mwaka uliofuata. Machi zote tupu.

Ni daftari lile lile. Limebadilisha karatasi tu. Kama klabu ya wazee ilikuwa klabu miaka iliyolipwa ada, na wazee wenyewe wanakubali hivyo, basi hii ya vijana ni hiyo hiyo, kwa uwanja ule ule, kwa jina lile lile, kwa fedha ya mikorosho ile ile. Na kama vijana wanasema pengo ni kifo, basi nao wamekufa kila masika. Niliyasema haya mkutanoni chini ya mwembe wa soko. Sikupigiwa makofi. Mzee mmoja alisema ujumbe wa simu si maandishi. Kijana mmoja akasema daftari halina saini. Tukavutana mpaka adhana ya alasiri.

Suluhu haikutoka kwangu. Yule katibu wa bodaboda alitoweka, akarudi na bahasha ya steshenari: amechapisha miamala yote, kurasa kumi na nne. Fundi akazipokea, akazipunguza kingo kwa mkasi wa nguo, na kwa gundi ya kushikia pindo akaanza kuzibandika kwenye daftari, kuanzia ukurasa wa kwanza mtupu baada ya mwandiko wa katibu aliyekwenda Dar. Watu walisimama kutazama. Karatasi ya steshenari ni kubwa kuliko ya daftari, ikabidi azikunje chini.

Barua ya pingamizi iliandikwa moja, ikagongwa muhuri na kuambatanishwa cheti. Palipotaka mwaka wa kuanzishwa tuliandika 1964. Fomu za ligi zikaunganishwa, wachezaji wawili wakakatwa kwa kuwa walikuwa mamluki wa mji wa jirani na kila mtu alijua. Bikoni bado ipo. Wameizungushia tairi la pikipiki, na wamekubaliana kwamba mpira ukiigonga mchezo unaendelea.

Fundi alipomaliza kubandika alifungua kurasa za nyuma, akamwuliza katibu mpya:

"Na mimi nadaiwa?"

Kijana akapitisha kidole kwenye wino wa bluu. "Babu, wewe umelipa mwisho kabla ya Daraja la Mkapa."

"Kiasi gani?"

Kijana akapiga hesabu kwa ada ya sasa. Mzee akavua miwani.

"Hapana. Hesabu kwa ada ya wakati ule."